Impreza ya turbo inachemsha raundi ya nne na mi bado nataka kuongeza nguvu, nianzie wapi?

KijanaTabata
Jumapili, saa 3 usiku

Wakuu habari za jioni, naomba niende moja kwa moja maana nimetoka uwanjani sasaivi, nimechoka na nina hasira.

Nina Subaru Impreza GDB (hilo ni jina la bodi) yenye injini ya EJ20 turbo. Mtaani haina tatizo lolote, hata foleni ya Mwenge saa 12 jioni AC ikiwa juu mshale wa joto umetulia pale pale katikati. Shida ni kwenye saketi. Tuko wana kama nane hivi tunakodi sehemu yenye lami tunaweka koni, raundi moja ni dakika 1 na nusu. Raundi mbili za kwanza gari ni chuma kwelikweli, ya tatu naanza kuona imelegea kama vile kuna mtu kakaa nyuma na mizigo, ya nne geji ya maji (niliweka ya pembeni, siyo hii ya dashbodi) inasoma 112 na bado inapanda. Leo nimeingia pembeni mvuke unatoka kwenye mfuniko wa rejeta unapiga mluzi, washkaji wote wamekuja kupiga picha.

Nilichofanya mpaka sasa ni intakula (kile kipoza hewa ya turbo) ya mbele badala ya ile ya juu ya kiwandani, ekzosi ya inchi 3, busti (presha ya turbo) bar 1.2, na rejeta mpya ya aluminiamu nene karibu mara mbili ya ile ya zamani, imenitoa jasho hiyo rejeta. Fundi pia alitoa themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) akasema hiyo ni ya nchi za baridi sisi Dar haituhusu. Sasaivi niko kama farasi 280, nataka 350. Kuna mtu kaniambia nipandishe busti mpaka 1.6 tu mambo yameisha, ila sasa kama kwa 1.2 inachemsha?

ChumaChakavu
Jumapili, saa 3 na nusu usiku

Mkuu usihangaike, toa hizo feni weka mbili kubwa, Gerezani zipo kibao, alafu nyanyua bonneti kwa nyuma kwa kuweka washa (ringi za chuma) kama mbili. Hiyo kitu haichemshi tena. Mi wangu wa Forester ndo anavyofanya.

MzeeWaWayaringi
Jumapili, saa 5 usiku

Chuma Chakavu kaka feni ni za kwenye foleni. Ukishafika spidi 60 na kuendelea upepo wa barabara unaifunika feni, tena feni kubwa yenye kava lililoziba rejeta yote inaweza hata kuzuia hewa. Kijana kashasema foleni ya Mwenge haichemshi, sasa feni zake zina kosa gani? Na hiyo ya kunyanyua bonneti nyuma usimfundishe mtu, pale chini ya kioo cha mbele spidi ikiwa kubwa hewa inabana, badala ya joto kutoka unaweza kukuta hewa ndo inaingia. Wanaojua wanatoboa bonneti katikati, nyuma tu ya rejeta, pale ndo hewa inavutwa kwenda juu.

Kijana sasa sikiliza. Kwanza pole. Pili hiyo picha ya mvuke iweke, maana umenikumbusha kitu. Mwaka 1977 Renault walipoleta turbo ya kwanza kwenye Formula 1, RS01, injini ya lita 1.5, gari lilikuwa la njano na lilikuwa linakufa kwa moshi na mvuke mpaka Waingereza wakaliita birika la njano. Watu wakacheka. Miaka miwili baadae, 1979, Jabouille akashinda nalo kwao Ufaransa kwenye saketi ya Dijon (siyo gari lile lile, ni RS10) na walichobadilisha siyo kupandisha busti kama kichaa, walienda turbo mbili ndogo badala ya moja kubwa na wakakaa chini na joto. Kwahiyo wewe ni birika la Tabata, usikate tamaa.

Hesabu ya haraka haraka iko hivi, petroli unayochoma theluthi inafika kwenye krenki, theluthi inatoka na ekzosi, na theluthi inaingia kwenye maji na oili. Ni kadirio lakini linatosha. Farasi 280 ni kama kilowati 209, maana yake ukikanyaga mpaka mwisho rejeta yako inatakiwa itoe joto la pasi za umeme mia mbili zote zimewashwa. Mtaani unakanyaga hivyo sekunde ngapi? Kutoka Kimara kwenda Kibaha labda sekunde tano alafu kuna lori mbele. Saketi unakanyaga zaidi ya nusu ya raundi. Ndo maana gari la mtaani lenye afya linaenda kufia saketi. Na ukitaka 350 unaongeza pasi zingine hamsini kwenye mfumo ambao tayari umeshindwa.

Maswali. Ulipoweka intakula ya mbele, ile plastiki ya chini ya bampa ilirudi? Pembeni ya rejeta kuna uwazi wa kupitisha mkono? Mfuniko wa rejeta ni wa lini? Maji umeweka ya nini? Na mtu aliyekutolea themostati naomba asiguse hilo gari tena.

MtotoWaGerezani
Jumatatu, saa 2 asubuhi

Mzee hapo kwenye themostati sikubaliani na wewe, mi niko gereji mwaka wa kumi na kitu tunatoa kila siku na wateja hawarudi

MzeeWaWayaringi
Jumatatu, saa 2 na dakika 20 asubuhi

Hawarudi kwako, wanakuja kwangu 😂

Siyo ugomvi mdogo wangu. Themostati ikifunguka kazi yake haijaisha. Kwenye injini nyingi ndiyo inayofunga ile njia ya mkato, sasa ukiitoa maji mengine ya moto yanazunguka yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Alafu lile tundu lake dogo linabana maji kidogo ndani ya bloku yakae na presha. Ukiondoa presha ndani ya hedi, pale karibu na vali za ekzosi maji yanachemka kienyeji, vinatokea viputo vya mvuke, na mvuke haupozi chuma. Geji yako haitaona hilo kwasababu sensa iko kwingine. Kwa saketi weka inayofunguka mapema kidogo, lakini iwepo.

BintiSR20
Jumatatu, saa 5 asubuhi

Mzee kamaliza upande wa maji, mi naomba niseme upande wa hewa maana naona kijana ana magonjwa mawili na anayatibu kama moja.

Kaka, raundi ya tatu ulisema gari inalegea, na ya nne ndo maji yanapanda. Ile ya tatu siyo maji. Ile ni hewa ya kuingia kwenye injini imekuwa moto, kompyuta ikaona dalili ya kunoki ikarudisha taimingi (muda wa cheche kuwasha) nyuma ili injini isife, nguvu ikapungua. Na taimingi ikirudi nyuma moto unaishia kuunguzia kwenye ekzosi, kwahiyo hedi na turbo zinapata joto zaidi, alafu ndo maji yanafuata raundi ya nne. (Kunoki ninakosema siyo ile ya mtaani kwamba injini imenoki, yani imekufa. Ni ule mlipuko wa hovyo ndani ya silinda, kama mtu anagonga kokoto kwenye kikombe cha bati. Japo ukiipuuza ya kwanza utafika kwenye ya pili.)

Hesabu yake hii hapa. Hewa ya Dar nyuzi 32, busti 1.2, turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka kwenye turbo ikiwa karibu nyuzi 140. Siyo kwasababu turbo inaguswa na ekzosi tu, hapana, hata pampu ya baiskeli ukiipampu inaunguza, ni kule kubana. Intakula ikitoa asilimia 70 ya lile ongezeko inaingia kwenye injini na 65. Sasa chukua hewa hiyo hiyo lakini chujio lako linavuta ndani ya bonneti ambako ni nyuzi 60, inatoka turbo na 180. Umeelewa? Nyuzi 28 za uzembe zinazaa 40.

Na hiyo busti 1.6 ya rafiki yako, turbo ya kiwandani kule juu inaishiwa, ufanisi unashuka, inageuka kuwa hita. Unapata presha kwenye geji lakini hewa yenyewe ni nyepesi. Injini haili presha, inakula uzito wa hewa. Ukishusha hewa ya kuingia kutoka 65 hadi 45 umepata uzito wa asilimia 6 hivi bila kugusa busti, hiyo 280 inasogea karibu na 297, na juu yake taimingi inarudi. Hizo ni farasi ambazo hazikuongezei joto kwa fujo kama zile za busti.

Nunua sensa ya joto weka BAADA ya intakula, siyo kabla. Bila hiyo namba tunapiga ramli.

Kobe_Mwendokasi
Jumatatu, saa 7 mchana

Nimekuja kusoma tu mi nina IST

KijanaTabata
Jumanne, saa 4 usiku

Wakuu nimerudi, nina aibu kidogo.

Plastiki ya chini haipo. Nimempigia fundi anasema "ile siyo muhimu bosi ni ya kuzuia matope", na sijui iko wapi. Pembeni ya rejeta siyo mkono, naingiza kichwa cha mtoto. Ile rejeta nene haikai sehemu ya ile ya zamani kwahiyo aliisogeza nyuma, kati yake na intakula kuna nafasi ya vidole vinne, juu wazi, chini wazi. Chujio linavuta ndani ya bonneti kama dada alivyohisi.

Mfuniko: nimeutoa, mpira wa chini umepasuka mpaka unaona ndani. Umeandikwa 1.1. Maji ni ya kisima 🙈 yale ya chumvi kidogo, uwanjani hakukuwa na mengine.

Nimefanya na kitu kimoja, nilichukua nyuzi za kufumia za mama mkwe nikazibandika na gundi ya karatasi mbele ya rejeta na pembeni kwenye ule uwazi, nikafunga simu ya zamani ndani ya bampa irekodi, nikapita barabara ya Kigamboni asubuhi mapema. Jamani. Nyuzi za kwenye rejeta zinacheza tu kama za kwenye pazia, wala hazijui ziende wapi, za pembeni zimelala zimenyooka kama zimepigwa pasi. Hewa yote inapita pembeni.

MzeeWaWayaringi
Jumanne, saa 5 usiku

Hahahaa mama mkwe asijue. Hiyo video ndo jibu lako, hukuhitaji rejeta mpya. Hewa ni kama maji ya mvua Jangwani, haipandi ukuta kama kuna njia ya kuzunguka. Rejeta nene ni ngumu zaidi kupitisha, sasa ukiacha uwazi pembeni umeifungulia mlango wa kukwepa.

Tafuta bati la aluminiamu la milimita 1, tengeneza boksi kutoka mdomo wa bampa mpaka kwenye intakula, na kutoka intakula mpaka rejeta, pande zote nne. Chini rudisha ile plastiki. Mianya midogo ziba na sponji ya godoro, lile gumu, vipande wanauza bei ya chai. Usiwe na haya, magari ya mashindano yamejaa sponji na gundi. Alafu hewa iliyoingia lazima itoke, ndo unakata bonneti katikati kama nilivyosema, ila anza na boksi kwanza uone.

Mfuniko sasa. Maji kwenye sufuria hapa Dar yanachemka 100. Mfuniko mzima wa 1.1 unayabana mpaka yachemke karibu 121. Wako umepasuka kwahiyo ulikuwa na sufuria. Kwa 112 ukiwa na mfuniko mzima ungekuwa kwenye hatari lakini usingekuwa kwenye mvuke. Nunua orijino, feki ukiibana na vidole springi inalegea hapo hapo dukani, jaribu kabla hujalipa.

Maji ya kisima yatoe yote leo leo, yale yanakula aluminiamu na kuweka magamba ndani ya rejeta yako ya gharama. Weka maji ya betri yaliyochujwa na kulanti (dawa ya rejeta) kidogo tu, asilimia 20 hivi kwa ajili ya kutu. Watu wanaweka nusu kwa nusu kwasababu kopo limeandikwa hivyo, lile ni la kuzuia barafu, na maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko. Barafu Tabata utaipata kwenye jagi la juisi tu.

Mwisho, asubuhi kabla hujawasha minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiukuta mgumu wakati injini ya baridi imelala usiku mzima, njoo tuongee habari za gasketi ya hedi.

Dereva_Namba4
Jumatano, saa 1 asubuhi

Naongezea, jina langu linatokana na hiki kitu. EJ20 silinda namba 4 ndo inaumia kwanza ukizidisha joto na busti, pistoni inamegeka pale kwenye mifereji ya ringi. Yangu ilimegeka, nilikuwa najisifu busti 1.5 kwenye grupu la wana, wiki hiyo hiyo moshi wa bluu. Weka na kipoza oili kaka, oili kwenye saketi ikipita 130 inakuwa kama maji ya kunawa na beringi za krenki hazina mlinzi mwingine. Na mchanganyiko wa hewa na petroli usiubane ili upate farasi, ukiwa kwenye busti kaa hewa 11.2 mpaka 11.5 kwa petroli 1, ile petroli ya ziada inapoza ndani.

Msomaji_Kimya
Jumatano, saa 6 mchana

Vipi kuhusu kunyunyizia maji? Nimeona STI zina kitanki kwa nyuma.

BintiSR20
Jumatano, saa 8 mchana

Ndio, Subaru STI na Mitsubishi Evo nyingi zilitoka kiwandani na kinyunyizio cha maji juu ya intakula. Kinafanya kazi kwa sababu ile ile nguo mbichi ikipigwa na upepo inakuwa baridi. Kupasha kilo ya maji kutoka 30 mpaka 100 unahitaji kilojuli kama 290, kuikausha iwe mvuke ni 2,257. Kila aliyewahi kusahau sufuria ya chai jikoni anajua, kuchemka ni dakika chache, kukauka ndo inachukua muda. Kwetu unyevu ni mwingi kwahiyo kwenye intakula haikauki kwa haraka kama Dodoma, lakini intakula ni ya moto inasaidia.

Kuna na ile ya kupuliza maji ndani kabisa kwenye hewa ya kuingia, BMW M4 GTS ya 2016 iliuzwa nayo. Inakata kunoki vizuri sana. Lakini ukitegemea maji ndo uweke taimingi kali, siku kitanki kimekauka raundi ya tano au nozo imeziba na uchafu, namba 4 inaenda. Lazima kiwe na kikato kinachoshusha busti chenyewe. Mi ningeweka mwisho kabisa, siyo mwanzo.

KijanaTabata
Jumatano, saa 3 usiku

Mpira wa juu asubuhi ulikuwa laini, alhamdulillah. Swali dogo, kuna wana wanataka twende Nairobi mwishoni mwa mwaka, kule baridi si itakuwa nafuu?

BintiSR20
Jumatano, saa 4 usiku

Hapana, ni mtego. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu, presha ya hewa yake ni kama bar 0.82. Ili geji yako isome ile ile 1.2 turbo inabana mara 2.46 badala ya 2.2 ya hapa, inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka karibu 146 japo nje kuna nyuzi 22 za sweta. Hewa nyepesi inapoza rejeta vibaya pia, na maji yanachemka mapema. Ukienda shusha busti.

KijanaTabata
Jumapili nyingine, saa 2 usiku

Ripoti wakuu.

Sikugusa busti, iko 1.2 ile ile. Nimeweka boksi la bati (tumekata kwenye meza ya kufulia, majirani wamekoma), sponji ya godoro la futi tatu, mfuniko mpya, themostati imerudi, maji yaliyochujwa, chujio limehamia nyuma ya taa ya kulia lina mdomo wake. Sensa ya hewa niliiweka kabla sijabadilisha chochote ili nione, nikaenda raundi tatu tu: 74. Nikashtuka.

Leo nimepiga raundi nane mfululizo, hewa haijavuka 53, maji yalipanda mpaka 98 yakagoma hapo. Raundi ya nane gari ina nguvu ile ile ya ya kwanza, muda wangu bora ulikuwa 1:31 leo nimegusa 1:28 na ni ya sita hiyo, siyo ya kwanza. Jumanne naenda kwa mtu wa laptopu anayerekebisha kompyuta ya gari anirudishie taimingi kidogo, ndo baadae tuangalie busti 1.35. Ile 1.6 nimeifuta kwenye simu.

Ila sasa kwasababu sisimami tena raundi ya nne breki zimeanza kunuka, pedali imeenda mpaka chini kona ya mwisho nikabadilisha dini zote.

MzeeWaWayaringi
Jumapili, saa 2 na dakika 40 usiku

Hiyo ni mafuta ya breki yamechemka, fungua uzi mwingine. Na usitupe lile bati lililobaki.

Kobe_Mwendokasi
Jumapili, saa 3 usiku

Godoro la futi tatu la kampuni gani